Ulikiachia Ukurasa wa Ngapi?

Kuna mzee mmoja aliyekuwa akipanga vitabu chini, juu ya turubai la bluu, mitaa ya Posta hapa Dar es Salaam. Nilipomfahamu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sidhani kama alikuwa ametimiza hata miaka hamsini, ila mvi zilimwahi na sote tukawa tunamwita Mzee. Hakuwa na duka wala kibao. Wenzake waliopanga jirani naye walikuwa wakiita wapita njia: karibu kaka, vitabu vya uhasibu, kamusi hii hapa, vitabu vya mitihani bei ya kutupa. Yeye alikuwa kimya, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anashona kitabu. Ukisimama mbele yake na kumwamkia, anaitikia marahaba bila haraka, anakutazama, kisha anauliza: "Kitabu cha mwisho ulichokianza ukashindwa kukimaliza ni kipi?" Ukishakitaja, linafuata swali la pili. "Ulikiachia ukurasa wa ngapi?"

Siku ya kwanza nilidhani ni mzaha. Mtu gani anafanya biashara ya vitabu kwa kumuuliza mteja vitabu vilivyomshinda? Nikamtajia riwaya moja nzito niliyokuwa nikitembea nayo zaidi ya miezi miwili, na kwa aibu nikasema ukurasa wa kumi na nne.

"Kumi na nne," akarudia, kama daktari anayerudia joto la mgonjwa aliloambiwa na nesi. "Basi hicho hakikukuchosha. Hukuwahi kuingia ndani. Ungeniambia mia na ishirini ningejua kuna mahali kimekukera."

Akaingiza mkono katikati ya rundo bila kutazama, akachomoa kitabu chembamba chenye jalada lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya ukutani. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Hakunipa. Alikifungua, akanisomea nusu ukurasa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma barua, akafika mahali ambapo mtu anataka kujua kinachofuata, akakifunga. Nililipa. Jioni ile daladala ilinipitisha vituo viwili.

Kiswahili kina fundi seremala, fundi cherehani, fundi saa na fundi viatu. Huyu wa kumpatia mtu kitabu kinachomfaa hatujampa jina. Mkutubi tunamjua kwa maktaba yake, muuzaji tunamjua kwa bei yake. Neno lililo karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni mshenga. Mshenga mzuri anazijua nyumba zote mbili. Hapambi posa kwa uongo, kwa sababu ndoa ikivunjika yeye ndiye wa kwanza kutazamwa mtaani. Anajua kwamba binti ana hasira za karibu, na anajua pia kwamba kijana amelelewa na bibi mwenye hasira za karibu, kwa hiyo hazitamtisha. Mzee alikuwa mshenga wa namna hiyo, na nimekuwa nikimtazama kwa karibu miaka thelathini nikijaribu kumwibia ujuzi.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo iliyonifundisha kwanza. Vitabu vilimfikia vikiwa hoi: vimeliwa na mende, vimelowa, vimeandikwa majina ya wanafunzi watano waliorithishana. Alikuwa na kopo la gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, sindano ndefu ya kushonea magunia, wembe, na kitambaa cha kanga kuukuu. Alifuta kitabu ukurasa kwa ukurasa. Wakati anafuta alikuwa anasoma, na ndiyo maana alivijua vyote. Nilipomuuliza kama kweli amesoma kila kilichokuwa pale juu ya turubai, alisema vya uhasibu hapana.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa ndani ya jalada la nyuma. Wengine huandika bei pale. Yeye aliandika kwa penseli, herufi ndogo za karani, habari za waliokwisha kukisoma kitabu kile na kumrudishia. Alikuwa na utaratibu wa kurudishiana: ukileta kitabu ulichonunua kwake unapata kingine kwa nusu bei, lakini sharti useme kilikuendaje. Basi unakuta: *mlinzi, alicheka. Mwl. wa hesabu, hakurudi. Mama wa maandazi, mara 2. Mwanafunzi, alilia, hataki kusema wapi.* Nimesoma tahakiki nyingi za vitabu katika maisha yangu, baadhi nimeziandika mwenyewe, na ni chache zilizonisaidia kuliko zile penseli.

Tuliosoma sekondari Tanzania tunajua jinsi tulivyokutanishwa na vitabu. Kitabu kilikuja kikiwa kimeshachinjwa: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya lugha, na mwishoni kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, kama kwamba mwandishi naye alikuwa amekaa mtihani. Nawajua watu wazima wanaoweza kukutajia dhamira sita za Watoto wa Mama N'tilie bila kukumbuka kama waliwahi kuwahurumia wale watoto. Siwalaumu walimu, na wao walikuwa na mtihani wa taifa mbele yao na kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane. Ila nasema tu kwamba mtu aliyefunzwa hivyo akifika kwa Mzee alikuwa na jeraha, na kazi ya kwanza ya Mzee ilikuwa kulisafisha. Ndiyo sababu ya swali lake. Aliyeshindwa na kitabu hujiona mjinga. Ukimuuliza alipoishia, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomuuliza mtu basi lake liliharibikia wapi, unamwonyesha kwamba safari nyingine hukatika na si kosa la abiria.

Tena jibu lenyewe lina habari nyingi. Anayeishia kwenye kurasa za mwanzo ametishwa na mlango: sentensi ndefu, majina kumi kwa mpigo, mwandishi anayeanza kwa jua kuchomoza. Anayeishia katikati amechoshwa au amekasirishwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Wapo pia wanaoishia mwishoni kabisa. Mama mmoja alisema alibakiza kurasa mbili, kwa makusudi, kwa sababu aliona mhusika anayempenda anakwenda kufa na yeye hakutaka kuwepo. Mzee alimpa kitabu kingine bila kumtoza. Alisema msomaji kama yule humwoni mara mbili kwa mwaka.

Kwenye vyuo vyetu tunazigawa riwaya mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa. Jina hilo la pili linachekesha ukilitazama vizuri. Maana yake zile nyingine hazipendwi? Mgawanyo huu una kazi yake darasani, sikatai. Barabarani unaharibu. Kwa Mzee, Elvis Musiba alilala ubavuni mwa Euphrase Kezilahabi, na Ben Mtobwa juu ya Shaaban Robert, na hakuna aliyelalamika.

Mlinzi mmoja wa benki alikuwa mteja wake wa kila wiki. Alisoma usiku kwa tochi, na alisoma Musiba tu: Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama, vyote vya mpelelezi Willy Gamba, tena na tena. Mimi, kijana mwenye shahada mpya na ujuaji wake, nikamwambia Mzee kwamba sasa ingefaa ampandishe ngazi. Aliweka sindano chini. "Hakuna ngazi hapa," alisema. "Ni uwanja. Mtu anatembea."

Halafu akafanya kitu ambacho kwa macho yangu kilikuwa ni kumpandisha ngazi vilevile, ila sivyo alivyokiona yeye. Alimuuliza mlinzi ni nini hasa anachokipenda kwa Willy Gamba. Si bastola, si warembo, si ndege. Mlinzi alifikiri, akasema anapenda mtu mmoja anapowashinda wakubwa wengi. Mzee akampa Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Ndani yake hakuna jasusi hata mmoja. Kuna Rashidi, kuna magunia, na kuna wakubwa wengi. Mlinzi alikisoma kwa siku nne, na penseli ikaandika: *mlinzi, alikasirika vizuri.* Wiki iliyofuata alirudi kwa Willy Gamba, na Mzee alimpa bila kinyongo. Nami kwa macho yangu nilimwona mhadhiri mmoja, ambaye darasani angekufukuza kwa kutaja jina la Mtobwa, akiondoka pale na Salamu Kutoka Kuzimu ikiwa imefungwa kwenye gazeti kama mkate.

Nilichokuja kukielewa polepole ni kwamba mtu haambatani na aina ya kitabu. Anaambatana na kitu kidogo ndani yake, na kitu hicho kinapatikana hata kwenye vitabu ambavyo rafu za maduka zimevitenganisha kuta tatu. Mwenye kupenda upelelezi huenda hapendi uhalifu kabisa. Anapenda kuona mambo yaliyovurugika yakipangwa. Mpe historia nzuri, ataridhika. Mwenye kupenda hadithi za mapenzi wakati mwingine anapenda mazungumzo tu, watu wawili wanaojibizana kwa akili, na huyo tamthilia itamfaa kuliko riwaya nyingine ya mapenzi.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alistaafu ukarani wa reli akiwa amesoma magazeti maisha yake yote. Riwaya aliziita uongo wa watu wazima. Alikuwa nyumbani anazunguka uani, anamsumbua mama kuhusu kuni. Nikaenda kwa Mzee. Hakuniuliza baba anapenda vitabu gani, kwa kuwa jibu lingekuwa hakuna. Aliuliza redioni kikipigwa nini baba hukataza watu wasiongee. Nikasema taarabu ya zamani.

Akanipa Wasifu wa Siti binti Saad, alioutoa Shaaban Robert mwaka 1958. Si riwaya, kwa hiyo baba hakuwa na la kupinga. Ni habari za mtu aliyekuwepo kweli, mwanamke wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla ya kuimba, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Baba alikuwa na mjomba aliyekuwa na gramafoni. Alikisoma kitabu kile barazani kwa muda wa juma moja, na akaanza kutusimulia habari za mjomba ambazo hatujawahi kuzisikia, za santuri zilizovunjika na za majirani waliokuja kusikiliza wakiwa na viti vyao.

Nilirudi kwa Mzee na habari njema, nikitaka wasifu mwingine. Akasema hapana. "Sasa ameshamwamini mwandishi." Akatoa Utubora Mkulima, cha Shaaban Robert yuleyule, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Riwaya, uongo mtupu, lakini uongo wa mtu aliyeacha kazi ya mjini akarudi kulima, na baba yangu pale uani alikuwa ameanza kupalilia mchicha kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Sikumwambia ni riwaya. Alipogundua alikuwa ameshavuka nusu. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Huyu bwana anajua shamba," akaendelea.

Katika kazi yote ya Mzee, kile ndicho kitendo nilichokistaajabia zaidi. Mimi ningemtafutia baba kitabu kingine chenye mada ileile. Yeye alimfuata mwandishi.

Kuhusu umri wa wasomaji, Mzee alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na wachapishaji. Vitabu vya watoto vinaandikwa nyuma umri wa miaka fulani hadi fulani, au darasa la ngapi. Yeye alikata kipande cha karatasi na kukibandika juu ya maneno hayo. Nilidhani ni ukaidi tu, mpaka nilipoona nani ananunua. Kijana wa miaka kumi na saba aliyesoma shule za kubahatisha, anayesoma kwa kufuatisha kidole, hawezi kukaa kwenye daladala na kitabu kilichoandikwa miaka minane hadi kumi. Ataona afadhali asisome. Yule mama wa maandazi aliyetajwa kwenye penseli alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, alipokuwa bado binti, katika vitabu vilivyofundisha herufi na kilimo bora kwa pamoja: pamba, migomba, uvuvi. Alipohitimu hapakuwa na la kusoma baadaye. Aliruka kutoka kwenye mbolea ya samadi kwenda gazeti, akashindwa, akanyamaza miaka thelathini. Kitabu kilichomrudisha kilikuwa Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, kilichoandikwa kwa ajili ya watoto, vituko vya safari mwanzo mwisho. Alikisoma mara mbili. Karatasi iliyobandikwa nyuma hakuwahi kuibandua.

Tena wembamba wa kitabu unadanganya. Hapa niungame kosa langu. Nilipoona nimeiva, nilimchagulia mpwa wangu wa kiume, kidato cha pili, Nagona ya Kezilahabi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtoto hapendi kusoma, kitabu hakifiki hata kurasa mia, tutafika. Aliyeisoma Nagona atakuwa ameshaanza kunicheka. Ni kitabu ambacho watu wazima wenye shahada wanakizunguka kama nyumba isiyo na mlango. Kijana alifika ukurasa wa tatu, akahitimisha kwamba vitabu vya Kiswahili vimeandikwa na watu wenye homa. Ilinichukua mwaka mzima na riwaya tatu za Joram Kiango, yule mpelelezi wa Mtobwa, kumrudisha. Mzee hakunicheka. Alitaka kujua kama nilikuwa nimeisoma mwenyewe kabla ya kumpa, na nilikuwa nimeisoma miaka mingi nyuma, nikakumbuka sifa zake tu. Akasema hiyo si kusoma, hiyo ni kusikia.

Na mpwa wa kike? Huyo alikuwa na miaka tisa, na nyumba nzima ilikubaliana kwamba hasomi, anaangalia katuni tu kwenye magazeti. Mzee akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: je, anaanza na picha au na maneno? Nikamwangalia siku mbili. Alikuwa anafunika picha kwa kiganja, anasoma maneno, halafu anafungua kuona kama amepatia. Yaani mtoto tuliyemhukumu kuwa hasomi alikuwa amejitungia mchezo wa kusoma. Akapewa Hekaya za Abunuwasi. Siku ya tatu sufuria kubwa ya mke wangu ilipotea jikoni. Tulipomuuliza mtoto alisema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba sufuria imefariki. Anayeijua ile hekaya ya chungu kilichozaa na baadaye kikafa ataelewa kwa nini sikuweza kumkaripia.

Alipofika miaka kumi na mmoja nilianza kumsomea Adili na Nduguze usiku umeme ukikatika. Lugha yake ilikuwa inamzidi kidogo, lakini sauti ya msomaji hubeba mengi. Mkekani alikuwepo pia mama yangu, aliyekuwa akijifanya amelala. Yule mtoto alikuwa anasikiliza hadithi ya nyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu mwema, na alitaka kujua tu kwa nini hawakumng'ata. Mimi, nikiwa na umri wangu na kaka ambaye hatukuwa tukisemezana kwa ajili ya kiwanja, nilikuwa nasoma habari ya mkono unaomchapa ndugu na moyo unaokataa. Sauti ilinikatika mahali fulani, nikasingizia mshumaa. Mama akasema kutoka gizani: "Hao ningewaacha wabaki nyani." Kitabu kilitoka mwaka 1952. Shaaban Robert hakuandika nyuma ni cha umri gani.

Simsifu Mzee kwa kila kitu. Mashairi aliyanyima watu. Alishika imani kwamba diwani haimfai aliye chini ya miaka arobaini, na kijana aliyeulizia ushairi alipewa riwaya na tabasamu. Nadhani alikosea. Mpwa huyuhuyu wa sufuria, alipofika kidato cha tano, alikuwa akitembea nyumbani anaghani Kimbunga ya Haji Gora Haji, yule mshairi wa Tumbatu, si kwa mtihani bali kwa sababu maneno yalimkaa mdomoni. Nilimwambia Mzee. Alisema huyo ni mmoja. Nikasema penseli yako yote ni ya mmojammoja. Hakujibu, ila safari iliyofuata nilikuta diwani mbili zimesogezwa mbele.

Ukitaka kuuona ufundi huu ukiwa umebanwa kabisa, fikiria Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Kila anayeandika kuhusu jambo hilo hupiga picha ya ngamia. Mimi humfikiria mtu asiyeonekana pichani, yule aliyekaa jioni ya kuamkia safari na masanduku matupu mbele yake. Ngamia hana rafu. Kila kitabu kinachoingia kinakitoa kingine. Huko kuna watoto wanaoanza, kuna vijana, kuna wazee wanaotaka dini na wanaotaka habari za mifugo, na pengine kuna msichana mmoja anayefunika picha kwa kiganja. Mtu huyo anachagua kwa ajili ya watu asiowaona, mchangani, kwa uzito wa kilo. Ningependa kujua anaweka nini juu kabisa.

Mwaka 2021 wamachinga walipopangiwa maeneo mengine, turubai la bluu liliondoka Posta. Nilimtafuta kwa miezi. Nilimkuta ndani kabisa ya soko moja, baina ya muuza viatu vya mitumba na fundi simu, vitabu vimepungua na macho yamepungua. Gundi ilikuwepo. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiandika kwa penseli, Mzee akimtamkia. Aliponitambua kwa sauti hakuniuliza nilikokuwa. Aliuliza cha mwisho kilichonishinda. Nikamtajia Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoifanya Ida Hadjivayanis, iliyotoka mwaka 2022. Haikunishinda, nikamweleza, niliiacha kwa sababu ilikuwa inanirudisha utotoni kuliko nilivyotaka.

"Ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hicho sikukiacha, nimekiweka, na kwamba niende nikakimalize kabla sijanunua kingine. Hakuniuzia kitu siku ile. Nilinunua viatu kwa jirani.

Nimalizie na jambo linaloniwasha. Zamani, katika vitabu alivyonichagulia, kulikuwa na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, chapa ya zamani, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Nyuma yake kulikuwa na penseli za wasomaji kumi na mmoja, na chini kabisa Mzee aliniandikia mimi: *hiki usiazime mtu.* Nilikiazima mtu mwaka 2009, na sikumbuki ni nani. Kama ni wewe, nimesamehe. Kama hukukimaliza, niambie uliishia ukurasa wa ngapi, tutakutafutia kingine. Lakini kile naomba ukirudishe.